Ndoo Chini ya Uso

Asubuhi, wahudumu wa supamaketi moja ya Thika hupanga foleni kwenye mlango wa nyuma. Mlinzi huchukua simu zao, kisha kila mmoja huvua uso wake, huutundika kwenye msumari wake na kuvaa tabasamu la kampuni. Syokau, mmoja wao, amelizoea. Na lina faida zake: likikaa usoni kidogo hushuka mpaka kifuani, mtu akasahau hata miguu inayomuuma.

Alhamisi simu yake ililia ndani ya sanduku la mlinzi mpaka ikachoka. Mumewe, Kimeu, alikuwa akipiga kutoka nyumbani kwao Kimbo: binti yao Kamene alikuwa hapumui vizuri. Syokau alipata habari jioni, mtoto akiwa ameshaaga dunia. Alitoka mbio vile alivyokuwa, na aproni, na tabasamu la watu.

Walimzika Kamene nyumbani kwa kina Kimeu, mashariki ya Thika. Syokau alisimama kando ya kaburi akitabasamu. Kulivua tabasamu lile hakungewezekana, mtu hamziki mtoto wake bila uso. Jua lilikuwa zuri. Alihisi wepesi kifuani, akatamani kusalimia watu, na hilo lilimtisha kuliko kaburi lenyewe. Akashika pembe za mdomo, akazivuta chini. Uchungu ukaja, ukamgusa. Vidole vilipochoka, ukaondoka.

"Mama Kamene, hata leo?" Kimeu alimuuliza kwa sauti ya chini. "Hicho kitu cha watu si ungekiacha huko?"

"Sikukumbuka. Nisaidie kushika. Nataka kumlilia mtoto wangu."

Kimeu akashika. Haikusaidia.

Jumatatu Syokau alikuwa wa kwanza mlangoni. Uso wake ulikuwa pale pale kwenye msumari, na chini yake ndoo. Magdalene wa usafi alimweleza kwamba ulianza kulia Alhamisi jioni, ukalia mpaka jana.

"Pole sana, Mama Kamene. Ulimlilia vizuri."

Syokau akavua tabasamu, akauvaa. Ulikuwa mkavu kama gunzi. Akataja jina la mtoto kwa sauti, akangoja. Hakuna kilichokuja.

Akachungulia ndani ya ndoo. "Na maji yake?"

"Tulipigia deki. Mifereji ilikuwa imekauka wikendi yote."

Wangechi, msimamizi, akatokea mlangoni. "Syokau, pole, lakini simu bado uko nayo. Na tunafungua saa hii."

Syokau akamkabidhi mlinzi simu, akatundika uso, akavaa tabasamu. Sakafu iling'aa kutoka mlangoni mpaka kwenye mikate. Akavua viatu, akaivuka taratibu akivibeba mkononi. Kufika kaunta, alikuwa anajisikia vizuri.