Mashine ya Gazetini

Naomi aliingiza mkono ndani ya gunia, akautoa haraka. Mpunga ulikuwa wa moto kama mtoto mwenye homa. Ulivunwa kijijini Mwaya mvua ikinyesha. Magunia matatu, chakula cha mwaka mzima, na mbegu humo humo.

Aliyaleta Ipinda kwa pikipiki kwa sababu ya gazeti lililobandikwa mlangoni mwa ofisi ya kata: FUNDI WETU APATA HATAZA, MASHINE YAKE YAKAUSHA MPUNGA WA KIJIJI KIZIMA.

"Fundi, mashine iko wapi?"

Andongwisye, aliyekuwa akichomelea geti, alivua miwani. Akaonyesha debe la mafuta ya kupikia lenye bomba ubavuni, limekaa juu ya jiko la mkaa.

"Hilo debe?"

"Kilo mbili kwa siku, mama. Mkaa ukiwa mzuri. Niliandika kwamba ikijengwa kubwa itaweza mpunga wa kijiji kizima, nikapeleka ombi la hataza, ile hati ya kulinda ubunifu, ili mtu asiniibie. Ombi tu! Hawajajibu. Mwandishi kaniuliza, umepeleka? Nikasema nimepeleka. Akaandika nimepata."

"Ukanyamaza?"

"Nilikwenda ofisi ya kata kuomba walibandue hilo gazeti. Wakaniuliza kama nalionea wivu jina langu."

Akamwachia kona kavu ya karakana. Magunia matatu, kona moja.

Naomi akaenda ofisi ya kata. "Bwana afisa, naomba turubai. Mwaka jana mlitugawia."

"Turubai la nini tena?" Afisa Evodius aligonga gazeti kwa kalamu. "Nimeyaondoa kwenye maombi ya mwaka huu. Kata yenye mashine iombe maturubai? Wilaya itatucheka."

"Mashine yenyewe ni debe, baba."

"Mama, unabishana na gazeti?"

Mvua haikukata. Siku ya nne Evodius alifika karakana na mwandishi mwenyewe, Bryson, kijana mpole mwenye kamera na viatu vilivyojaa tope. Walitaka habari ya mafanikio.

"Mama, ndaga fijo kwa kutusubiri," Bryson alisema. Kinyakyusa alikuwa amejifunza njiani. "Simama hapo kwenye mashine. Chota mpunga, utabasamu."

Andongwisye aligeukia ukuta.

Naomi akafungua gunia, akachota. Mpunga ulikuwa umeota; miche myeupe ilining'inia kati ya vidole vyake.

Bryson alichungulia kwenye kamera, akakunja uso.

"Hivyo vinavyoning'inia vinaharibu picha. Fumba ngumi kidogo, mama."

Akafumba.