Katekista na Mzee wa Kichuguu

Katekista Tadei wa Kingerikiti hakuwa na mchezo na ushirikina. Ukimfunga mtoto wako hirizi, Jumapili unasikia habari zako kanisani, jina tu ndilo halitajwi. Msimu mmoja alimkatalia hata mama yake mzazi, Bonifasia, aliyemwomba jambo dogo: kabla ya kuchuma kahawa waende pamoja kwenye kaburi la baba, wanyunyize unga, wampe marehemu habari za nyumbani.

"Baba yupo kwa Mungu, mama. Unga tuupikie ugali," alijibu mbele za watu, na watu wakacheka.

Mama hakucheka. Tangu siku hiyo Tadei akienda asubuhi kumwamkia jikoni kwake, mama huitikia "Marahaba" huku akiangalia moto, basi. Neno la pili halitoki. Na asikudanganye mtu, mwanamume mwenye wajukuu akinuniwa na mama yake huumia kuliko mtoto wa chekechea. Tadei alikuwa anakonda.

Hapo ndipo alipokuja Sista Ligaya, mtawa kutoka Ufilipino, muuguzi wa zahanati ya parokia. Mfupi, mcheshi, na wale dagaa wa ziwani, usipa, akiwakaanga anawatafuna mchana kutwa kama karanga. Kati ya nyumba ya masista na zahanati kulikuwa na kichuguu kikubwa, na kila alipokipita Sista aliinamisha kichwa na kusema, "Tabi-tabi po." Watoto wakaupenda mno mchezo huo. Haukupita muda, darasa zima la Komunyo ya Kwanza likawa linapita pale likiinama, tabi-tabi po, tabi-tabi po, mpaka Tadei akadhani anaota.

Akamfuata mwenyewe. "Sista, pale unaongea na nani?"

"Na mzee," akajibu bila wasiwasi.

Akaeleza kwamba kwao kichuguu kina mwenyewe, babu mdogo mwenye ndevu aitwaye nuno, naye hapendi dharau. Kusema tabi-tabi po ni kumwambia, samahani, napita. Ukimkanyaga au ukimkojolea, unavimba. Hapo ndipo alipoitwa bibi yake Sista, aliyekuwa mganga wa kijiji. Bibi alikuwa akidondosha nta ya mshumaa kwenye bakuli la maji, akitazama umbo la nta hiyo, na kukwambia ni nani uliyemkosea.

"Na Jumapili bibi alikaa kanisani benchi la mbele," akaongeza Sista.

Tadei alisikia masikio yakiwaka moto. Siku hiyohiyo akawapanga watoto mbele ya kichuguu. "Tazameni! Humu hamna mzee wala babu!" Akakipiga teke la nguvu zake zote, naye kavaa kandambili. Kichuguu cha kiangazi ni kigumu kama tofali la kuchoma. Watoto walilijua hilo. Katekista alikuwa amelisahau.

Aliondoka akitabasamu mpaka alipopinda kona. Jioni mguu ulikuwa umeumuka kama andazi. Akauficha ndani ya soksi, lakini mficha maradhi, kilio humuumbua: ilibidi afikishwe zahanati kwa bodaboda, akigumia njia nzima.

Sista Ligaya aliusafisha mguu, akamchoma sindano, akafunga bandeji. Hakucheka, na hilo lilimuuma Tadei zaidi.

"Kidole kimevunjika kidogo, na kidonda kimeingia uchafu," alisema. "Vidonge hivi umeze vyote. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kazi nyingine ni yako. Nenda kaombe radhi."

"Kwa kichuguu? Sista! Si dhambi hiyo?"

"Kumsalimia mzee? Tangu lini?" Akakaa kando yake. "Mimi sijui kama yumo, Katekista. Bibi yangu ndiye aliyejua. Ila nikipita pale kimya, naona kama nimekutana na bibi yangu njiani nikageuza uso."

Tadei akachukua vidonge vyake, akachechemea kurudi nyumbani. Usiku alijigeuza sana kitandani, na si kwa sababu ya kidole.

Kulipopambazuka akatoka na fimbo yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtoto. Akavua kofia na kujiona mjinga kabisa.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Nilikupiga teke. Nisamehe."

Kichuguu kikanyamaza, kama ilivyo kawaida ya vichuguu. Lakini ulimi wa Tadei ulikuwa umeshafunguka, ukakataa kufungwa. "Kahawa imezaa vizuri, hasa ile ya bondeni uliyoipanda mwenyewe. Bati la jikoni nimelibadilisha. Ila mama... mama hasemi na mimi, baba."

Akashtuka kusikia alivyomwita. Akasimama pale kwa mguu mmoja, mtu mzima na mvi zake, akilia bila aibu.

Kisha akachechemea moja kwa moja hadi jikoni kwa mama, aliyekuwa akikoroga uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama aliuambia moto.

"Mama, unga uko wapi? Twende kwa baba."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Bonifasia akageuka, akamtazama mwanawe usoni, akateremka na macho mpaka kwenye bandeji, akarudi tena usoni. Akamsogezea kigoda.

"Kaa unywe uji kwanza," alisema. "Baba yako hana haraka."