Dakika Ishirini za Nakijwa

Alhamisi ya tarehe tisa Novemba, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Mke wangu Nakijwa alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Hospitalini wakawa wanampitishia umeme mdogo kichwani, dakika kumi kila siku, ili ubongo ujifunze upya kuuamuru mkono. Wiki ya pili vidole vikaanza kushika kijiko. Alhamisi hiyo wakampa dakika ishirini. Ijumaa kijiko kikaanguka, na mkono haukuinuka tena hadi homa ya mapafu ilipomchukua mwezi wa pili.

Jana nilikwenda kumwuliza mganga mkuu. Alinisikiliza huku akisaini karatasi, akasema, "Pole mzee, utaalamu hauna lawama." Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikajitupa kitandani mchana kweupe, usingizi ukanibeba.

Nikajiona katika nchi ya milima, nyekundu kama nyama, iliyochanjwa mifereji maelfu kwa maelfu, na ndani yake hayapiti maji bali mwanga wa buluu. Chini kabisa palikuwa na bustani ya matuta matano, nami nikautambua papo hapo: mkono wa mke wangu. Mwanamke mmoja, tope hadi magotini, alikuwa akifungua na kuziba mfereji kwa kisigino. Akaniambia jina lake ni Kiasi.

"Shemeji, udongo huu hujifunza," alisema. "Ukiupitishia kidogo kisha ukauacha, hukumbuka njia. Ukizidisha, huogopa mafuriko, ukajiziba wenyewe. Kwani huko kwenu Upareni si mnagawana maji ya bwawa kwa zamu? Tangawizi yako huinyweshaje?"

"Nafungulia, nafunga, inapumua. Maji yakizidi, inaoza."

"Basi ulijua."

Kabla sijajibu, akaja Pupa, jitu la koti jeupe, funguo zikilia mfukoni, akang'oa lango la bwawa lililolisha mifereji ile. Mwanga ukashuka kwa kishindo. Yale matuta matano yakajikunja kama ngumi. Nikamrukia kooni. "Mshenzi we! Nani kakupa ruhusa?"

Akacheka hadi akashika mbavu. "Ala! Mbonea, umenisahau mara hii? Siku kumi na tatu nilisimama nje ya mlango wa wodi, hawanifungulii. Ukanikaribisha wewe: 'Daktari, mwongezeeni mama huyu! Mnambania kwa kuwa sisi maskini?'"

Nikamgeukia Kiasi anitetee. Alikuwa ameinama, anafukua tuta la kidole gumba kwa kucha zake, hata hanitazami.

Nikaamka jasho linanitoka. Ni kweli, nilisema. Nilipaza sauti wodi nzima ikanigeukia, na yule daktari akabonyeza mashine yake.

Lakini mimi ni mtu wa jembe, shule niliishia darasa la tatu. Maisha yangu yote nimewalilia wakubwa, nikalilia barabara, nikalilia dawa, hakuna aliyewahi kunisikiliza. Kwa nini siku ile walinisikiliza?