Kijicho kwa Kichanga

Dobi alimpakata mtoto wa mdogo wake, akamtazama anavyopiga miayo kama bosi aliyechoshwa na kikao, na kijicho kikamwingia. Kumwonea kijicho kichanga cha wiki tatu! Aliona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mtoto alizaliwa kama alivyozaliwa yeye: maumbile yake hayakuonyesha wazi kama ni wa kike au wa kiume. Daktari aliiita jinsia tata, akasema afya yake ni njema na hakuna haraka ya kumpasua. Enzi za Dobi hapakuwa na subira hiyo. Mama yao alitia sahihi, na kabla Dobi hajafika darasa la tano alikuwa amepasuliwa mara tatu. Aliambiwa ni ngiri. Ukweli aliukuta mwenyewe kwenye kadi ya hospitali, akiwa na miaka kumi na tisa.

Na sasa mama huyo huyo alikuwa amekaa kwenye kochi akisema, "Mwacheni alivyo. Akikua ataamua mwenyewe."

Baba mtoto hakutaka kusikia. Fomu ya idhini ya upasuaji ilikuwa mezani, kalamu juu yake. "Tumalize mapema, mama, kabla watu hawajaanza kumnyooshea vidole." Akamgeukia Dobi. "Shemeji, wewe si ulifanyiwa? Una shida gani?"

Mdogo wake akamkazia macho. "Dada, sema kweli."

"Sina shida yoyote," Dobi akasema. "Fanyeni tu."

Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akatoka kwenda uani. Mama yao akamfuata unyounyo.

"Mbona umesema uongo?"

"Na wewe mbona huyu unamwonea huruma? Mimi nilikukosea nini?"

Mama alishika kamba ya kuanikia nguo. "Nilikuwa nakusikia bafuni, unafungulia bomba ili tusijue unalia. Nikajikausha. Wewe ndiye uliyenifundisha, mwanangu. Nisamehe."

Miaka yote Dobi aliyasubiri maneno hayo. Yalipofika, yakamuuma zaidi. Kumbe maumivu yake yalikuwa shule, na aliyefaidi ni mwingine! Hata hivyo alipiga moyo konde, akarudi ndani. Baba mtoto alikuwa ameshashika kalamu.

"Shemeji, iweke chini. Nimesema uongo kwa sababu ya wivu. Makovu yananiuma mpaka leo, hata kwenda haja ndogo ni kazi. Labda ningeachwa nikue, ningechagua hivyo hivyo kupasuliwa. Sijui, na sitajua, maana hakuna aliyeniuliza."

Baba mtoto akairudisha kalamu mezani. "Na watu je?"

"Kwani watu ndio watakaombadilisha nepi?" mkewe akadakia, huku analia, huku anacheka.

Fomu haikutiwa sahihi. Mtoto sasa ana miaka minne na anajua, kwa maneno ya umri wake, jinsi alivyozaliwa. Dobi anampenda, hilo halina ubishi. Lakini zipo siku akimwona anakimbia uani bila wasiwasi wowote, moyo unamchoma, naye huaga mapema akidai ana nguo za kupiga pasi.