Neno Nililoliondoa

Haraka nimezaliwa nayo. Mama anasema hata tumboni sikutimiza miezi tisa, na ukoo mzima ulilijua hilo siku uliponikabidhi ukurasa wetu wa Facebook. Miaka sita sasa naweka humo harusi, vipaimara, ng'ombe waliopotea na watoto waliofaulu. Machapisho yamepita mia nane.

Babu Mugeta alipofariki, baba mkubwa Baltazari akaanza kunipigia kila asubuhi kutoka Butiama.

"Dorah, watu humo bado wanamtakia mzee maisha marefu. Ni aibu. Weka marehemu kila mahali kabla hatujaondoa matanga."

"Kila mahali, baba mkubwa? Ni mengi hayo."

"Si una kompyuta?"

Ninayo, hapo Iringo kwenye duka langu la vitenge. Ina programu aliyonifundisha rafiki yangu Evance: unaiambia unachotaka, inaingia kwenye ukurasa na kurekebisha yaliyokwisha kuchapishwa, moja baada ya jingine, wewe unakunywa chai. Nikaiandikia: kila penye jina Mugeta, tanguliza neno marehemu. Ikaniuliza kama nataka kuyapitia kwanza. Nani ana muda huo? Nikabonyeza endelea. Dakika nne, machapisho mia mbili na kumi na nne. Nikajisifu, mjinga mie.

Kabla ya saa sita mchana simu ikaita. Alikuwa Fredy, kitinda mimba wa mama mdogo Pelagia, mke wa baba mdogo, yule wa Manyamanyama kule Bunda.

"Dada, kaka yangu amekufa lini? Mbona mlitufichaga?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Mama mdogo Pelagia alijifungua mtoto wa kwanza wa kiume, akapewa jina la babu. Lakini kwetu mkwe hatamki jina la baba mkwe wake, akamwita mwanawe Baba. Sote tukafuata. Nimecheza na Baba, nimepigana na Baba, na sijawahi kumwita vinginevyo. Jina Mugeta lilikuwa kwenye cheti cha shule tu, na kwenye chapisho moja nililoliandika mwenyewe kwa lugha ya heshima: "Mugeta anaanza safari ya kwenda machimboni. Mungu amtangulie." Kwenye picha amesimama stendi ya Bunda na begi jekundu, anacheka.

Ni miaka miwili hiyo. Tangu Agosti ya mwaka jana hajapatikana, wala hakuna aliyemwona. Mama yake alikuwa akilifungua chapisho lile kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Nilijua, na nikasahau, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nililirekebisha palepale kwa mkono. Nikampigia mama mdogo mara saba, hakupokea. Nikafunga duka huku mteja akiwa bado ameshika kitenge, nikapanda gari, Noah ya Bunda. Njia nzima sikukaa sawa. Nilifungua dirisha, nikafunga, nikapiga simu tena, hadi jirani yangu akaniuliza kama naumwa tumbo. Tulipofika Kyabakari baba mkubwa akapiga.

"Nimeona mwanangu, kazi safi! Ulikuwa unasemaga ni mengi!"

Nilimkatia simu mzee wa watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Manyamanyama nilikuta wanawake wamejaa uani. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, nywele zake bado ziko kwenye beseni kando yake. Nilitarajia kilio. Alikuwa anakula ugali kwa visamaki vya furu, taratibu, anachambua miiba.

Fredy akaninong'oneza, "Tangu Agosti hajawahigi kumaliza sahani. Amelia, halafu akaomba chakula mwenyewe."

Niliona aibu. Ningeweza kuondoka. Nikapiga magoti.

"Mama mdogo, nisamehe. Hakuna mtu aliyetuletea habari ya Baba. Niliiambia mashine iandike marehemu kwenye jina la babu, ikaandika na kwa mwanao. Ni kosa langu, sikusoma."

Mama mdogo alinawa mkono, akaufuta kwenye kanga, akachukua simu yake na kulifungua lile chapisho. Alilisoma akifuata kwa kidole.

"Neno halipo."

"Nimeliondoa, mama."

"Umeliondoa kwa kuwa unajua yuko hai?"

Nilitamani kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na mdomo wangu umezoea kuwahi. Wanawake wote walikuwa wananitazama, na Fredy naye.

"Hapana, mama. Nimeliondoa kwa kuwa sijui."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Hasira ningeijibu. Kisha akasukuma sahani kando, nusu ya samaki wakiwa bado wamo.

"Kwa hiyo nirudie kungoja," akasema, akanyanyuka kuwaambia wale wanawake waende nyumbani.