Kitalu cha Wawindaji

Usiku wa jana niliota nimekwenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya kuhuisha leseni yangu ya kuwinda. Nilikuwa nimevaa koti, gobore begani. Redioni walikuwa wametangaza kwamba wawindaji wanakwisha: vijana hawataki kazi ya pori, na wazee wenye leseni hawazihuishi tena. Kwa hiyo idara ilikuwa imeanzisha mpango wa kuongeza wawindaji wapya na kubakiza waliopo. Niliona ni heshima kuhesabiwa miongoni mwa waliopo.

Nyuma ya meza yuko ngiri aliyevaa sare ya kaki. Amepiga magoti ya mbele, kama ngiri wanavyofanya wakila, na kweli anakula karatasi.

"Shikamoo, mzee," anasema.

"Marahaba. Nimefuata leseni."

"Jina?"

"Malogo."

"Nenda kitaluni, Mzee Malogo. Mlango ule pale."

Kitalu nakijua. Ni eneo la pori wanalopewa wawindaji, na nimewinda katika vitalu vingi. Nikafungua mlango nikitegemea kuona miombo na vichuguu. Nikakuta kichanja cha nyasi cha kukinga jua, na chini yake viriba vyeusi vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, vile vya kuoteshea miche ya mikorosho. Ndani ya kila kiriba alikuwamo mtu, udongo umemfika kiunoni.

Nilishtuka hata nikasahau adabu.

"Siku hizi husalimii, Malogo?" akasema mmoja wao. Alikuwa Chibago, niliyewinda naye tangu ujana mpaka tukaambiwa amehamia Morogoro kwa watoto wake. Jani moja bichi lilikuwa limechomoza nyuma ya sikio lake.

"Chibago, nani amekufanya hivi?"

"Nimebakizwa. Na usisimame hapo kwenye mfereji, wanamwagilia bila kupiga hodi."

Safu ya mbele ilikuwa ya vijana. Wote walikuwa wamenyauka, shingo zimelala, kila mmoja na simu mkononi. Ngiri akaja na keni ya maji.

"Hawa wapya hawashiki," akalalamika. "Nikiwaotesha tu, mizizi inakwenda kutafuta bando. Ndiyo maana ninyi wazee tunawapenda." Akanimwagia maji miguuni.

Nilipotazama chini, nilikuwa ndani ya kiriba.

"Bwana Afisa, mimi narudi nyumbani. Mke wangu Mbeleje ananisubiri."

"Hapa ulifikaje?"

"Niliota."

Ngiri akatabasamu. Meno yake yote makubwa yalikuwa nje tangu mwanzo, kwa hiyo haikuleta tofauti kubwa. "Umekiri mwenyewe. Kilichoota hakitembei. Kesho tunakuhamishia porini, ukae huko moja kwa moja."

Gobore likacheka begani kwangu. "Miaka yote nakwambia, ukiongea na watu wa ofisi uchague maneno," likasema.

Miguu ilianza kuniwasha. Nikahisi kitu chembamba kinatoka kwenye kidole gumba na kushuka taratibu kutafuta maji. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku nilipokutana na mbogo aliyejeruhiwa. Mbogo alitaka kuniua tu. Hawa walitaka kunitunza.

"Mheshimiwa, neno hilo la kuota lina maana zaidi ya moja," nikasema. Mimi nilisoma masomo ya jioni nikiwa tayari na watoto, na kamusi ninayo.

Papo hapo tuko darasani. Madawati ni yale yale ya watoto, ambayo magoti ya mtu mzima hayaingii. Mimi niko kwenye kiriba changu, Chibago kwenye chake, na ngiri amesimama ubaoni na chaki.

"Taja maana zake," anasema.

"Ya kwanza, mmea kuota. Ya pili, mtu kuota ndoto."

"Ya pili tumeifuta. Wawindaji wenye ndoto ndio walioacha kuhuisha leseni. Iko nyingine?"

Miguu siihisi tena. Nanyoosha mkono juu, ingawa ni mimi ninayeulizwa.

"Ya tatu, mtu kuota moto. Mimi nilikuwa naota moto. Na anayeota moto, akishapata joto, huondoka."

Ngiri anafungua kamusi, anakula ukurasa mmoja, anafikiri.

"Ni sahihi," anasema. "Moto wenyewe uko wapi?"

Moto haukuwepo.

"Nina baruti kidogo," gobore likaninong'oneza. "Lakini mimi ni mzee mwenzako. Nikipiga hii, napasuka."

"Sina mwenzangu wa porini aliyebaki ila wewe."

"Na nyumbani?"

"Yuko Mbeleje."

"Basi nielekeze ubaoni."

Nikalielekeza. Likapiga chafya moja tu, likapasuka katikati kama boga, na ubao ukawaka wote. Nikanyoosha viganja vyangu kwenye moto.

"Chibago, ota upesi, twende."

"Wewe nenda tu," akasema. "Kule Morogoro hawakunimwagia hata salamu. Hapa kila jioni wananikumbuka."

Ngiri naye akasogea, akanyoosha kwato zake. "Kumbe kulikuwa na baridi," akasema, akasahau kunishika. Nikavuta miguu kwa nguvu zangu zote. Mizizi ikakatika mmoja mmoja kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, nikakimbilia mlangoni.

Nikaamka kitandani. Mbeleje alikuwa ananitikisa, na kumeshakucha. Nikavaa suruali niliyoivua jana, nikasimama. Yeye akanitazama miguuni kwa muda.

"Baba Sechelela, suruali yako imerudi."

Nikainama kuangalia. Jana pindo lilikuwa linagusa kiatu. Leo vifundo vyote viwili vya miguu vilikuwa nje.

"Haijafuliwa," nikasema.

"Sasa imerudije?"

Nikavuta pindo chini, halikufika. Nguo hurudi ikimwagiwa maji, na aliyemwagiwa maji si suruali.