Jina la Baba Mkubwa

Tulimzika baba Jumamosi, Agosti 2018. Jumatatu, nikiwa saluni kwangu hapa Berea, Johannesburg, nikampigia simu mwalimu mzee huko Burundi, anayetunza madaftari ya shule ya bweni ya wamishonari Wakweka iliyofungwa zamani. Baba na kaka yake walisoma hapo. Huyo kaka ndiye ndugu pekee tuliyebakiwa naye, na hana habari ya msiba; hatujui aliko, nami nilitumaini madaftari yangenisaidia kumpata.

"Jina la baba yako, Herménégilde, nimeliona humu, mwaka wa sabini na moja," mwalimu akasema. "Kaka yake anaitwa nani?"

"Eish, si uangalie mwenye jina la ukoo kama lake!" nikafoka.

"Mwanangu, umekaa Joburg mno. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake, si la ukoo. Humu wamo wavulana mia mbili. Nitajie jina."

Jina sikulijua. Baba alimtaja kila siku mezani, lakini kwangu alimwita "Baba Mkubwa wako" tu, nami nilifunzwa adabu: mtoto hamwiti mkubwa kwa jina. Sikuwahi hata kuuliza.

"Anaitwa Baba Mkubwa," nikasema.

Nikamsikia mwalimu akifunua kurasa. Kisha, taratibu, akaanza kunisomea majina yote mia mbili, na kila moja lingeweza kuwa lake.